Karatasi Haizai Mtoto: Kitabu cha Wakimbizi wa Bonde la Juba na Somo Lake kwa Watu wa Tanga

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyehama mji wake na akapokewa na watu wasiokuwa wa ukoo wake, na ziwafikie Aali zake na Maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, kitabu tunachokusudia kukijadili kimeandikwa kwa Kiingereza, na aliyekiandika si Muislamu. Jina lake ni Making Refuge, yaani kujenga kimbilio. Kilichapishwa mwaka 2016 na Catherine Besteman, mwalimu wa anthropolojia katika Chuo cha Colby, jimbo la Maine, Marekani. Huenda mtu akauliza kitabu cha namna hiyo kinawahusu nini maimamu na wanafunzi wa Chumbageni, Ngamiani au Pongwe. Jawabu ni kwamba wanaosimuliwa humo ni Waislamu, na sehemu yao ni jamaa zetu hasa. Lugha yao ni Kizigua, mizizi yao iko Handeni na Pangani, na mambo yaliyowapata katika kutafuta nchi mpya yanaacha masuala ya nikaha, talaka, nasaba na mirathi ambayo hapana budi yatufikie sisi tuulizwe.

Tutakisifu kitabu pale panapostahiki, na tutaonyesha upungufu wake kwa mizani ya fiqhi. Kisha tutajitazama wenyewe, kwani makosa ya mwandishi wa Marekani hayakamiliki kuelezwa bila ya kutaja makosa yaliyo karibu na milango ya misikiti yetu.

WATU WENYEWE NI NANI

Katika karne ya 19 biashara ya watumwa ilichukua watu wengi kutoka pwani hii na bara yake, ikawapeleka kwa majahazi mpaka Barawa na Marka, nchi ya Wasomali. Miongoni mwao walikuwamo Wazigua, ambao mapokeo yao yanasema kwamba njaa na hadaa ndivyo vilivyowatoa kwao. Walikuwamo pia Wayao, Wamakua na Wanyasa. Wengi walitoroka mabwana zao, wakaingia katika misitu ya Mto Juba, mahali palipoitwa Gosha, wakajenga vijiji na kulima. Wazigua wanamtaja mwanamke, Wanakhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza kutoka utumwani.

Huko Juba wengi wao waliingia katika Uislamu, na tariqa zilikuwa na mchango mkubwa katika jambo hilo. Lakini kusilimu kwao hakukuwatoa katika daraja ya chini. Waliitwa jareer, jina linalotokana na ugumu wa nywele, na ndoa baina yao na koo zilizojiona bora ilikuwa ni jambo la aibu kwa wenye koo hizo. Walisimama safu moja katika swala, lakini walipotoka msikitini kila mmoja alirudi katika daraja yake.

Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991 wakulima hawa waliporwa na kuuawa, kwa sababu walikuwa na nafaka na hawakuwa na silaha wala ukoo wa kuwalipia kisasi. Waliokimbia waligawanyika. Wengi walikwenda kwenye kambi za Dadaab, Kenya. Wengine walishuka kwa njia ya Mombasa mpaka mkoa wetu wa Tanga, wakawekwa Mkuyu, wilayani Handeni, na baadaye Chogo. Yalifanyika mazungumzo ya kuwahamishia Tanzania wale wa Dadaab, kisha Msumbiji, na yote mawili hayakufaulu. Mwaka 1999 Marekani ikakubali kuwapokea. Mwaka 2002 walipelekwa Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya, kwa mahojiano, na kuanzia mwaka 2003 watu wapatao 12,000 wakaanza kusafirishwa.

KITABU KINASEMA NINI

Besteman aliishi katika kijiji cha Banta, bonde la Juba, mwaka 1987 na 1988, kabla ya vita. Kisha vita vikakata habari. Mwaka 2006 alikutana tena na watu wa Banta katika mji wa Lewiston, Maine, jimbo lile lile alilokuwa akifundisha. Picha zilizopigwa Banta zamani zikawa ni kumbukumbu kwa watu waliopoteza kila kitu, na wengine wakawaona humo jamaa zao waliokwisha kufariki.

Kitabu kina sehemu tatu. Ya kwanza inaeleza vita na kambi. Ya pili inaeleza mji wa Lewiston, mji wa viwanda vya nguo vilivyofungwa, ambao wakazi wake wengi ni wajukuu wa wahamiaji waliozungumza Kifaransa kutoka Kanada. Ya tatu inaeleza juhudi za wakimbizi wenyewe kujijengea maisha. Mwandishi hawafichi watu wa mji wake. Mwaka 2002 meya wa Lewiston aliwaandikia wazee wa Kisomali barua ya wazi, akiwataka wapunguze kasi ya watu wao kuja mjini. Januari 2003 kikundi kidogo cha wabaguzi kilifanya mkutano mjini humo, na siku hiyo hiyo maelfu ya wakazi walikusanyika kuupinga. Mwaka 2006 mtu alivurumisha kichwa cha nguruwe ndani ya msikiti watu wakiwa katika swala. Mwaka 2012 meya mwingine akasema hadharani kwamba wahamiaji waache utamaduni wao mlangoni.

Hata hivyo, sehemu yenye faida kubwa kwetu ni ile inayohusu karatasi. Mkimbizi anapoingia kambini, maisha yake yote hutiwa katika fomu. Fomu inauliza ni nani mume, nani mke, nani mtoto, na walizaliwa lini. Lakini familia za bonde la Juba hazikujengwa kwa kipimo cha fomu. Mwanamume ana wake wawili. Mtoto wa dada amelelewa kwa mjomba tangu mama yake alipouawa. Bibi anaishi na wajukuu ambao baba zao hawajulikani walipo. Sheria za Marekani zinamtambua mke mmoja tu. Kwa hiyo familia ya wake wawili ikapasuliwa juu ya karatasi: mke mmoja akaandikwa mke, na wa pili akaandikwa mjane, au aliyeachwa, au akabaki kambini. Na mtoto wa dada akaandikwa mtoto wa kuzaa, kwa kuwa kama angeandikwa vingine huenda angeachwa nyuma peke yake.

Mwaka 2008 Marekani ilifanya majaribio ya vipimo vya vinasaba kwa wakimbizi wa Afrika walioomba kuungana na jamaa zao. Ilipoonekana kwamba nasaba nyingi zilizodaiwa hazikuthibitika, mpango huo ukasimamishwa mpaka mwaka 2012, uliporudishwa kwa sharti la vipimo. Wapo waliosema udanganyifu, na wapo waliosema kwamba Waafrika wana maana pana zaidi ya neno mtoto. Kila kauli ina sehemu ya ukweli, na zote mbili hazitoshi.

UPUNGUFU WA KITABU KWA MSOMAJI WA FIQHI

Mwandishi anaona kwamba serikali iliwadhulumu wakimbizi kwa kuwalazimisha kufuata umbo lake la familia, na tunakubaliana naye. Anawatetea kwa lugha ya haki na huruma, nalo ni jambo jema. Lakini katika kitabu chake Uislamu unaonekana zaidi kama kitambulisho cha watu na faraja yao. Hauonekani vya kutosha kama sheria inayowafunga katika dhamiri zao. Kwa sababu hiyo swali moja kubwa halijaulizwa: karatasi ile ilipokwisha kuandikwa, ilibadilisha nini mbele ya Allah, na haikubadilisha nini?

Swali hili si la kinadharia. Waliobebwa wakiwa watoto mwaka 2003 na 2004 sasa ni watu wazima. Wanaoa na kuolewa, na wazee wao wanafariki. Basi tuyatazame mambo manne.

Kwanza: mke aliyefichwa. Mwanamume aliyeulizwa kama ana mke mwingine akajibu hapana, je, amemwacha? Wanachuoni wa Kishafii wamelijadili suala la namna hii. Wapo waliosema kwamba ni uongo tu na si talaka, na wapo waliolitia katika kinaya, yaani neno linalorudi kwenye nia ya msemaji. Talaka iliyoandikwa, kwa madhehebu yetu, nayo ni kinaya. Kwa hiyo mtu aliyetia saini fomu isemayo kwamba mke fulani si mke wake, na hakukusudia talaka, ndoa yake haikuvunjika kwa kalamu ile. Lakini aliyetamka kwa ulimi wake tamko la wazi la talaka mbele ya afisa, kisha akasema ilikuwa ni kwa ajili ya safari tu, huyo yuko katika hatari kubwa. Tamko la wazi halingoji nia, na hadithi imeifanya talaka ya mzaha kuwa sawa na ya dhati. Wala hawezi kudai kwamba alilazimishwa kwa kuwa alitamani kusafiri. Kulazimishwa kunakozingatiwa na mafakihi ni kutishwa madhara makubwa ya papo hapo na mtu mwenye uwezo wa kuyatekeleza, hali ya kuwa hakuna njia ya kuyakwepa. Shida ya kambi ni shida kweli, lakini si kila shida inafikia daraja hiyo.

Matokeo yake ni mazito. Mke aliyebaki Kakuma au Dadaab akiwa bado yumo katika nikaha ana haki ya nafaka yake yote, na haruhusiwi kuolewa. Mumewe akinyamaza miaka kumi huku akimtumia fedha yule aliyeandikwa tu, amekula haki ya mtu. Huyu mke si mke wa mtu aliyepotea, kwani mahali alipo mumewe panajulikana. Njia yake ni kumfikia kadhi ili alazimishiwe nafaka au talaka, na Kenya ina mahakama za kadhi zinazotambuliwa na katiba. Imamu wa Lewiston au wa Ohio akiulizwa na mwanamume huyo, asijibu kabla ya kumuuliza: ulitamka nini, na ulikusudia nini?

Pili: mtoto aliyeandikwa kwa asiyemzaa. Hapa hukumu iko wazi katika Suratul Ahzab, aya ya 4 na ya 5. Mtoto wa kulea hawi mtoto wa kuzaa, na ataitwa kwa jina la baba yake. Zayd (R.A.), aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad (S.A.W.), alirudishiwa jina la baba yake, Haritha, hali ya kuwa mlezi wake ni mbora wa viumbe. Basi ni nani baada yake anayeweza kusema kwamba mapenzi ya malezi yanageuza nasaba? Kumlea yatima ni ibada kubwa, na wala hatuisemi kwa ubaya. Linalokatazwa ni kumsahaulisha ni mtoto wa nani.

Tatu: walii na maharimu. Wazigua, kama majirani zao Wazaramo na Waluguru, kwa asili ni watu wa ukoo wa mama, na mjomba kwao ana cheo kikubwa. Ni jambo la kawaida, basi, mjomba kumchukua mtoto wa marehemu dada yake na kumwandika binti yake. Binti huyo anapofikia kuolewa, karatasi inasema mjomba ni baba. Sheria inasema mjomba hana uwalii kabisa. Walii ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha kaka, kisha watoto wa kaka, kisha ami, na kadhalika, na wakikosekana wote basi ni kadhi au anayesimama mahali pake. Hata kama aliyemwandika ni ami yake, ambaye anaweza kuwa walii kwa zamu yake, hana mamlaka ya baba. Hawezi kumwozesha bila ya idhini yake yeye mwenyewe. Na kuna upande mwingine. Watoto wawili walioandikwa ndugu, na kwa kweli ni binamu, kwa karatasi hawaoani na kwa sheria inajuzu. Na wawili walioandikwa kuwa hawajuani, na walinyonya kwa mama mmoja kwa kiasi kinachozingatiwa na kabla ya miaka miwili, kwa karatasi wanaoana na kwa sheria ni haramu. Nani atayakumbuka haya, ikiwa wazee waliotoka Juba wote wamekwisha kuondoka duniani?

Nne: mirathi. Mzee akifariki Marekani bila ya kuandika wasia, mali yake hugawanywa kwa sheria ya jimbo, na sheria hiyo inatazama karatasi. Mtoto wa kuandikwa atapewa fungu la mtoto. Mke wa pili hatapewa kitu. Kwa sheria yetu kinyume chake ndicho sahihi: wake wawili wanashirikiana thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto, au robo ikiwa hakuacha, na mtoto wa kulea hana fungu, ila anaweza kuusiwa mpaka thuluthi au kupewa zawadi wakati wa uhai. Watu wa Tanga hawana udhuru wa kuliona suala hili geni. Sheikh Ali bin Hemed al-Buhriy, aliyekuwa kadhi hapa Tanga, aliwaandikia watu wa pwani vitabu vya Mirathi na Nikahi ili mambo haya yasibakie kwa wachache wanaosoma Kiarabu.

Je, tunawahukumu waliojaza fomu zile? Hapana haja ya kuwa wakali. Allah (S.W.) katika Suratun Nisaa, aya ya 98 na ya 99, amewataja wanyonge wasiokuwa na hila wala njia, akawatilia matumaini ya msamaha. Lakini pia hatuhalalishi uongo. Mafakihi wamesema kwamba Muislamu anayeingia nchi ya watu kwa amani waliyompa, haifai kwake kuwahini, na visa ni amani ya zama hizi. Aliyeandika kwa dhiki atubie, asitengeneze uongo wa pili juu ya wa kwanza, na ahakikishe kwamba walioathirika kwa kalamu yake hawapotezi haki zao.

KOSA LA PILI LIKO KARIBU NASI

Sasa tuje nyumbani. Wale wa Chogo walikuwa na bahati ambayo ndugu zao wa Lewiston hawakuipata. Walipofika Handeni walizungumza na wenyeji Kizigua, baada ya zaidi ya miaka 100 ya kutengana, wakaelewana. Walipewa ardhi ya kulima. Kufikia mwaka 2009 serikali ya Tanzania ilikuwa imeanza kuwapa uraia, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likaitangaza habari hiyo kuwa ni ya watu waliopata uraia katika nchi ya mababu zao. Ni jambo la kushukuriwa, na serikali yetu inastahiki sifa.

Lakini tuiangalie hoja yenyewe. Wamepokewa kwa kuwa ni damu yetu. Hoja hii ni tamu masikioni, nayo ina hatari mbili.

Hatari ya kwanza ni kwa wale wasiokuwa na damu hiyo. Watu wa Gosha hawakuwa Wazigua peke yao. Mjukuu wa Myao aliyekuja pamoja na jirani yake Mzigua, akiwa amepoteza lugha ya babu zake na anazungumza Kimaay, atapokewa kwa hoja gani? Na mkimbizi wa Kongo au wa Burundi, ambaye hana babu Handeni? Ikiwa mlango wa udugu unafunguliwa kwa ufunguo wa ukoo, basi wengi watabaki nje, na wengine watalazimika kujitungia ukoo ili waingie. Ni mtihani ule ule wa Kakuma. Kule watu walijitungia watoto kwa ajili ya fomu, na huku watajitungia mababu kwa ajili ya jirani.

Hatari ya pili ni kwamba hoja ya ukoo inaweza kugeuka siku moja. Anayempokea mtu kwa sababu ya ukoo atamuuliza pia ukoo huo ulipitia wapi, na jawabu linajulikana: ulipitia utumwani. Pwani yetu inaujua ugonjwa huu. Miaka mingi imepita tangu utumwa ufutwe kisheria, na bado posa inapopelekwa watu hunong'ona, huyu ni mwana wa nani? Jareer ya Juba ina jina jingine huku kwetu, na haina haja ya kutajwa.

Wapo wanaojificha nyuma ya kafaa, wakisema kwamba madhehebu ya Shafii yanazingatia nasaba katika ndoa. Ni kweli kwamba yanaizingatia. Lakini wasome mpaka mwisho. Kafaa kwa Mashafii ni haki ya mwanamke na walii wake. Wakiridhia, ndoa ni sahihi wala haina dosari. Haikuwekwa iwe silaha ya jirani, wala ya kamati ya msikiti, wala ya shangazi asiyekuwa walii. Imamu Malik (R.A.) aliitazama kafaa katika dini. Na Mtume (S.A.W.) alimshauri Fatima bint Qays, mwanamke wa Kikureishi, aolewe na Usama, mtoto wa Zayd, naye Zayd alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim, na mwanamke yule alisema baadaye kwamba Allah alimtilia kheri katika ndoa hiyo.

MADINA ILITENGANISHA UDUGU NA NASABA

Sasa tunaweza kuona kwamba makosa haya mawili yana mzizi mmoja. Lewiston na Kakuma, karatasi imeruhusiwa kutengeneza nasaba. Huku kwetu, nasaba imefanywa kuwa sharti la udugu. Pote pawili udugu na nasaba vimechanganywa, na Madina ilivitenganisha.

Muhajirina walipofika Madina, Mtume (S.A.W.) aliwaunganisha na Ansari udugu, mtu na mtu. Hakuwauliza Ansari wana ukoo gani na watu wa Makka. Saad bin Rabii (R.A.) akamwahidi Abdurrahman bin Auf (R.A.) nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea dua, akataka aonyeshwe soko, akafanya biashara ya jibini na samli mpaka akaoa kwa mali yake. Tazama adabu ya pande mbili: mwenyeji hakuhesabu, na mgeni hakugeuka kuwa mzigo.

Mwanzoni ndugu hawa walirithiana. Kisha hukumu hiyo ikafutwa kwa aya ya mwisho ya Suratul Anfal, mirathi ikarudi kwa jamaa wa damu. Je, udugu ulikufa kwa hilo? Haukufa. Uliondolewa mahali pa nasaba ili ubaki mahali pake wenyewe: msaada, ujirani, nasaha, na safu moja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Salim (R.A.). Alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, akalelewa na Abu Hudhaifa, mtu wa ukoo mkubwa wa Kikureishi, na watu wakimwita mwana wa Abu Hudhaifa. Aya ya kurudisha watoto kwa baba zao iliposhuka, jina hilo likaondoka. Baba yake Salim hakujulikana, akawa anaitwa Salim, maula wa Abu Hudhaifa, kama ilivyoelekeza aya kwamba wasiojulikana baba zao ni ndugu katika dini na mawali. Alipoteza nini? Abu Hudhaifa alimwozesha binti wa ndugu yake. Na Salim ndiye aliyekuwa akiwasalisha Muhajirina wa mwanzo Quba, kwa kuwa alikuwa amehifadhi Qur'ani kuliko wao, na waliosimama nyuma yake walikuwamo masahaba wakubwa. Hakuhitaji babu wa kutungwa ili apewe mihrabu, na hakuna aliyehitaji kumwongopea kuhusu asili yake ili ampende.

Huo ndio mwendo wa familia inayohamia nchi mpya, iwe ni Handeni au Maine: ijumuike na watu kwa kila kheri, nayo ibaki ikijijua ni akina nani. Na jukumu la mwenyeji ni kupokea bila ya kuuliza damu.

LA KUFANYA

Tunapendekeza mambo matatu kwa maimamu na walimu wetu.

Kwanza, msikiti uwe na daftari lake. Ikiwa Suratul Baqara, aya ya 282, imeamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe, basi nikaha, talaka, kunyonyeshana na nasaba ya yatima vina haki zaidi ya kuandikwa. Katika familia za Chogo wapo wazee wanaowajua walioandikwa vingine huko Marekani. Waulizwe wangali hai. Na daftari hilo ni amana, asilisome ila mwenye haki, kwani lengo ni kulinda familia na si kuiumbua.

Pili, anayeishi ughaibuni aandikiwe wasia unaokubalika kwa sheria za nchi aliyomo, ili mirathi yake igawanywe kwa mafungu ya Qur'ani, na mke aliyekosekana katika karatasi asikosekane katika haki.

Tatu, khutba za ndoa zifundishe kafaa kama ilivyo, pamoja na mipaka yake. Tanga yote ni mji wa waliohamia. Mashamba ya mkonge yalileta manamba kutoka Kigoma, Rwanda, Burundi na Msumbiji. Bandari na biashara vilileta Wahadhrami, Wahindi na Wangazija. Katika safu ya Ijumaa pale Chumbageni, mtu akiulizwa babu wa tatu alitoka wapi, wengi watataja mahali pengine. Hakuna mwenye haki ya kumfungia mwenziwe mlango ambao babu yake mwenyewe aliukuta uko wazi.

Ama kitabu cha Besteman, tunamshauri anayejua Kiingereza akisome, kwa kuwa kimehifadhi habari za Waislamu wanyonge ambazo sisi tulio jamaa zao hatukuzihifadhi. Upungufu wake ni kazi aliyotuachia sisi. Ameeleza jinsi karatasi inavyotengeneza familia, na kilichobakia ni wanachuoni kueleza kile ambacho karatasi haiwezi kukitengeneza. Haizai mtoto, haimwondolei mke nafaka yake, wala haimfanyi mjomba kuwa walii.

Tunamuomba Allah (S.W.) awakusanye waliotawanyika, awahifadhie nasaba zao, na atufanye sisi tuwe Ansari wa zama zetu. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.